Kila mgonjwa anapumua mara ishirini

Fungua chati za wagonjwa kwenye wodi yoyote yenye pilikapilika, kisha shusha jicho safu kwa safu. Joto la mwili linapanda na kushuka kutoka kitanda hadi kitanda: 36.8, 38.1, 37.4. Mapigo ya moyo vilevile: 72, 96, 110. Ukifika kwenye upumuaji mambo yanatulia ghafla: 20, 20, 18, 20, 20, 18. Bibi mwenye nimonia anapumua sawasawa na kijana aliyevunjika kidole.

Aliyewahi kufanya kazi wodini hashangai. Joto linasomwa na kipimajoto, presha inasomwa na mashine, na mapigo ya moyo mashine hiyohiyo inayatoa bure. Upumuaji, kwenye wodi nyingi za kawaida, hauna mashine. Unamtaka mtu asimame kando ya kitanda, atazame kifua kinavyopanda na kushuka, ahesabu dakika nzima, tena bila kumwambia mgonjwa, maana mtu akijua pumzi zake zinahesabiwa huanza kuzipanga. Mtu mzima aliyetulia hupumua kati ya mara 12 na 20 kwa dakika. Kwa hiyo 18 au 20 ni namba salama. Hakuna atakayeitwa ofisini kwa ajili yake.

Ubaya ni kwamba pumzi mara nyingi ndizo hubadilika mapema, saa kadhaa kabla mgonjwa hajazidiwa. Kipimo kinachotangulia kutoa habari ndicho kinachoandikwa kwa kukisia.

Jibu jepesi ni kwamba wauguzi ni wavivu. Hebu tupige hesabu kwanza. Mwenye wagonjwa 6 anahitaji dakika 6 kuhesabu pumzi zao. Mwenye wagonjwa 30 anahitaji nusu saa, kwa mzunguko mmoja tu, kabla hajagusa dawa, dripu wala kidonda. Vipimo vikitakiwa mara tatu katika zamu, ni saa moja na nusu ya kutazama vifua. Muuguzi wa kwanza akiandika 20 kwa kila kitanda, tuna haki ya kumuuliza. Wa pili tukimuuliza swali hilohilo, kwa sauti ileile, tutakuwa hatujaelewa kazi yake.

Uwezo, nia, na kile cha tatu

Fomu za tathmini ya utendaji zinafanana sana. Uwajibikaji, nidhamu, kuwahi kazini, ubora wa huduma, ushirikiano, lugha kwa wagonjwa. Kila kipengele kina alama na kila alama anapewa mtu. Sijaona fomu inayouliza kama mashine ya presha ilikuwa nzima, au kama usiku ule muuguzi alikuwa peke yake.

Mwaka 1982 watafiti wawili wa Marekani, Melvin Blumberg na Charles Pringle, waliandika kuhusu pengo hilo katika kazi za kila aina. Walisema utendaji unasimama juu ya mafiga matatu (neno mafiga ni langu): uwezo, nia na nafasi. Kwa nafasi walimaanisha yote yaliyo nje ya mfanyakazi mwenyewe, yaani vifaa, muda, wenzake, msimamizi na taratibu. Na kwao vitu hivi vitatu vinazidishana, havijumlishwi. Ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri. Muuguzi mwenye digrii na moyo wa kazi, kama hana mwenzake wa kushika upande wa pili wa shuka, mgonjwa mzito hamgeuzi.

Hospitali inapotaka utendaji upande, hukimbilia mafiga mawili ya kwanza. Uwezo unapelekewa semina. Nia inapelekewa barua ya onyo, au keki Siku ya Wauguzi. Figa la tatu huachwa, kwa sababu ni ghali, na kwa sababu likichunguzwa anayetakiwa kujibu yuko ngazi ya juu zaidi ya muuguzi.

Mgonjwa mmoja zaidi

Katika mambo yote ya mazingira ya kazi, lililochunguzwa kuliko yote ni idadi ya wagonjwa kwa muuguzi mmoja. Utafiti unaotajwa sana ni wa Linda Aiken na wenzake, uliotoka mwaka 2002. Walichukua majibu ya wauguzi zaidi ya 10,000 wa hospitali 168 za jimbo la Pennsylvania, Marekani, wakayaweka sambamba na kumbukumbu za wagonjwa zaidi ya 232,000 wa upasuaji. Kila mgonjwa mmoja aliyeongezeka kwa muuguzi aliendana na ongezeko la asilimia 7 la uwezekano wa mgonjwa kufa ndani ya siku 30 tangu alazwe. Uwezekano wa muuguzi mwenyewe kuchoka kupita kiasi ulipanda kwa asilimia 23, na wa kutoridhika na kazi kwa asilimia 15.

Hiyo asilimia 7 husomwa vibaya na watu wengi. Haimaanishi kwamba kati ya wagonjwa 100 wanaongezeka vifo 7. Tuseme hospitali inapasua watu 10,000 na hufariki 200. Mgonjwa mmoja zaidi kwa kila muuguzi anaisogeza 200 hiyo hadi karibu 214. Vifo 14 hivyo havina sura: hakuna daktari atakayesimama mbele ya jeneza aseme huyu ameuawa na ratiba ya zamu. Ila ongezeko linalimbikizana. Ukitoka wagonjwa 4 kwa muuguzi ukafika 8, uwezekano unapanda kwa asilimia 31.

Mwaka 2014 kundi la Aiken lilitoa utafiti mwingine, safari hii wa hospitali 300 katika nchi 9 za Ulaya. Asilimia 7 ikajitokeza tena. Humo pia palionekana jambo la elimu: kila wauguzi wenye digrii walipoongezeka kwa asilimia 10 katika hospitali, uwezekano wa kufa ulipungua kwa asilimia 7.

Mtu makini atasema hospitali yenye wauguzi wachache pengine ni hospitali iliyopungukiwa na mambo mengine pia, na ndiyo yanayoua. Ni hoja nzuri. Ndiyo maana mfano wa jimbo la Queensland, Australia, una uzito wake. Mwaka 2016 jimbo hilo liliweka viwango katika wodi za hospitali kadhaa za umma: muuguzi mmoja kwa wagonjwa 4 asubuhi na mchana, mmoja kwa 7 usiku. Matthew McHugh na wenzake walizifuatilia kabla na baada, wakizilinganisha na hospitali ambazo hazikuguswa, na matokeo yao yakatoka mwaka 2021. Kila mgonjwa mmoja aliyepunguzwa kwa muuguzi aliendana na kushuka kwa uwezekano wa kifo kwa asilimia 7. Namba ileile, ikiingia kwa mlango wa nyuma. California ilikuwa imetangulia. Sheria yake ya mwaka 1999, iliyoanza kutekelezwa mwaka 2004, inaweka muuguzi mmoja kwa wagonjwa 2 mahututi, na baadaye mmoja kwa 5 katika wodi za kawaida za magonjwa na upasuaji.

Hata hivyo idadi si uzito. Wagonjwa 8 wanaosubiri kuruhusiwa si sawa na 4 waliotoka chumba cha upasuaji mchana huu. Tena kitanda kinachobadilisha mtu mara mbili kwa siku kina kazi ya kitanda kimoja kwenye takwimu, na ya vitanda vitatu kwa muuguzi: kuaga mmoja, kusafisha, kupokea mwingine, faili jipya, maswali mapya ya ndugu.

Kinachodondoka kimyakimya

Muuguzi aliyezidiwa hasimamishi kazi. Anapunguza, na kupunguza kwake kuna mpangilio. Mwaka 2006 Beatrice Kalisch alichapisha alichokisikia kwa wauguzi alipowauliza ni nini hasa huwa hawakifikii. Majibu yalijirudia: kumtembeza mgonjwa, kumgeuza, kumlisha chakula kingali na joto, kumweleza kuhusu ugonjwa wake, kumwandaa kurudi nyumbani, kumfariji, usafi wa mwili, kuandika kiasi cha maji kinachoingia na kutoka, kumfuatilia kwa karibu.

Soma orodha hiyo tena. Hakuna sindano ndani yake. Sindano ya saa 12 jioni ina kisanduku cha kuwekwa sahihi, na sahihi isipokuwepo mtu ataulizwa. Kukaa dakika tano na mgonjwa anayeogopa upasuaji wa kesho hakuna kisanduku. Kumgeuza mgonjwa kila saa mbili pengine kuna kisanduku, lakini hakuna anayeweza kujua usiku wa manane kama aligeuzwa kweli, mpaka kidonda kijitokeze mgongoni siku kadhaa baadaye, kwenye zamu ya mtu mwingine. Kwa hiyo kinachoshuka kwanza ni kile ambacho kutofanyika kwake hakuonekani leo. Usiulize kwa nini alama za tathmini zinabaki juu wakati huduma inashuka: tathmini inakagua visanduku.

Mililita mbili za nini?

Simama kwenye chumba cha dawa. Muuguzi anavuta dawa ya kuchoma kwenye mshipa. Amesoma jina kwenye faili, amesoma kichupa, anapiga hesabu ya mililita. Simu inalia: maabara wanasema damu ya kitanda cha 9 imeganda, itolewe nyingine. Anarudi. Mlangoni amesimama ndugu wa mgonjwa: "Sista, dripu imeisha." Anaenda, anarudi. Daktari anapitisha kichwa: faili la kitanda cha 4 liko wapi? Anamwonyesha. Anarudi, anatazama bomba la sindano mkononi mwake. Mililita 2 za nini? Na alishaichanganya na maji, au bado?

Hakuna hata mmoja wa wale watatu aliyekosea kumwita. Kila mmoja alikuwa na haja ya kweli. Johanna Westbrook na wenzake waliwafuatilia wauguzi 98 katika hospitali mbili za Sydney, wakashuhudia dawa zikitolewa mara 4,271, na mwaka 2010 wakachapisha hesabu: kila mara muuguzi alipokatizwa, hatua zilizorukwa na makosa ya dawa vyote viliongezeka kwa kama asilimia 12. Baadhi ya hospitali zimejaribu kuwavika wauguzi fulana yenye maandishi ya kukataza wasisumbuliwe wakati wa kugawa dawa. Usumbufu hupungua kiasi, lakini wauguzi waliojaribishiwa huko Australia walilalamika kwamba fulana zina joto na zinapoteza muda. Binafsi naona fulana ni njia ya kumwachia muuguzi tatizo la simu isiyo na mpokeaji. Mtu mmoja wa kupokea simu na kutafuta mafaili angemaliza theluthi mbili za kisa hicho cha juu.

Vifaa navyo vinakatiza. Anita Tucker na Amy Edmondson, katika utafiti wao wa mwaka 2003 kwenye hospitali 9, waliona jinsi wauguzi wanavyokabili upungufu wa kila saa: shuka hazipo, dawa haijaletwa, kifaa kimevunjika. Karibu kila mara walijipanga wenyewe. Waliazima wodi ya jirani, wakaficha akiba kabatini, wakaendelea. Kwa msimamizi hiyo ndiyo sura ya mfanyakazi bora, asiyelalamika. Lakini shuka zilizoazimwa zimeacha pengo wodi ya jirani, stoo haijajua kwamba ilipungukiwa, na kesho mchezo ni uleule. Yaani umahiri wa muuguzi ndio unaoficha ubovu wa mahali pake pa kazi. Nadhani hili ndilo gumu kuliko yote kumweleza mtu wa utawala: wodi ambayo mambo yanaonekana kwenda inaweza kuwa ndiyo inayokula watu wake.

Saa ndefu

Kuhusu zamu ndefu nitasema kwa kifupi, maana ushahidi haupingani sana. Ann Rogers na wenzake waliwaomba wauguzi 393 wa Marekani waandike kila siku saa walizofanya na makosa waliyofanya au waliyokaribia kufanya. Matokeo ya mwaka 2004: zamu ikiwa na urefu wa saa 12 na nusu au zaidi, uwezekano wa kosa ulikuwa mara tatu. Usiku una lake: kati ya saa 9 na saa 12 alfajiri mwili uko kwenye kina chake cha chini, na ndipo mzunguko wa vipimo vya asubuhi unapoanza.

Ugumu ni kwamba wauguzi wengi wanazipenda zamu za saa 12. Siku za kwenda kazini zinapungua, nauli inapungua, mtu anapata siku nzima na watoto. Msimamizi naye anapenda, kwa sababu makabidhiano ni mawili badala ya matatu. Pande zote mbili zimekubaliana, na asiyeulizwa ni mgonjwa wa saa ya kumi na mbili ya zamu.

Mshahara unaingia hapa pia, ingawa si kwa njia inayodhaniwa. Frederick Herzberg, mwaka 1959, alidai kwamba malipo mabaya humkasirisha mtu lakini malipo mazuri peke yake hayamfanyi aipende kazi. Aliwahoji wahandisi na wahasibu, hakuwahoji wauguzi, na wanaomnukuu kukataa kupandisha mishahara ya hospitali wangekumbuka hilo. Mshahara mdogo hauishii kwenye kinyongo. Unampeleka muuguzi kwenye zahanati ya pili baada ya zamu yake, na anayeingia wodini kesho asubuhi tayari ameshafanya kazi usiku kucha mahali pengine.

Wodi yenye makosa mengi

Miaka ya 1990 Edmondson huyohuyo, akiwa bado mwanafunzi wa udaktari wa falsafa, alichunguza makosa ya dawa katika wodi 8 za hospitali mbili. Alitegemea jambo la kawaida: timu zenye uongozi mzuri na maelewano zitakuwa na makosa machache. Namba zilipokuja zilikuwa kinyume. Timu nzuri zilikuwa na makosa mengi zaidi.

Angeweza kuacha pale. Badala yake alijiuliza kama alichokihesabu ni makosa au ni taarifa za makosa, na uchunguzi zaidi ukaonyesha ni hizo taarifa. Kwenye wodi ambazo muuguzi kiongozi alipokea habari mbaya bila kumrukia mtu, watu walisema. Kwenye wodi ambazo aliyekosea alisemwa mbele ya wenzake, makosa yalizikwa, na msimamizi akaishi akiamini ana wodi safi.

Hilo linageuza kichwa chini miguu juu namna tunavyosoma takwimu za hospitali. Wodi isiyo na taarifa hata moja ya dawa kukosewa kwa mwaka mzima inaweza kuwa ya ajabu kwa ubora, au wauguzi wake wanaogopa. Ningeweka dau langu kwenye la pili. Wasimamizi wanaotoa zawadi kwa wodi yenye makosa machache zaidi wanapaswa kujua wanachokinunua.

Uongozi wa wodi una nguvu kuliko vyeo vinavyoonyesha. Mwaka 1983 chama cha wanataaluma wa uuguzi wa Marekani kilitoa matokeo ya kutafuta hospitali zilizoweza kuwavuta na kuwabakiza wauguzi wakati wa uhaba, na kikazipata 41. Sifa zake zilijirudia. Wauguzi walishirikishwa kwenye maamuzi, ratiba ziliwajali, madaktari waliwasikiliza, na kiongozi wao alikuwa na sauti kwenye meza kuu. Ukweli ni kwamba ratiba, mgawanyo wa vitanda, na nani ajibu simu wakati wa kugawa dawa, mengi ya hayo yanaamuliwa na muuguzi kiongozi wa wodi, ambaye mara nyingi alipandishwa cheo kwa kuwa mzuri kitandani pa mgonjwa na hakufundishwa chochote kuhusu kuongoza watu.

Kuna swali moja ambalo kiongozi wa aina hiyo anaweza kuliongeza wakati wa kukabidhiana zamu, na halihitaji bajeti: nini hakikufanyika? Siku za mwanzo atajibiwa kwamba yote yamefanyika, kwa sababu kila aliyepo amezoea kwamba swali la namna hiyo ni mtego. Atauliza kesho na keshokutwa. Kisha usiku mmoja wenye shughuli mtu atasema: vitanda vya 11 hadi 18 sikuwahi kuhesabu pumzi, nimeacha wazi. Kwenye chati, mahali palipozoea kuandikwa 20, hapana kitu. Mkaguzi wa mafaili ataona utovu wa nidhamu. Muuguzi anayeingia zamu anaona aanzie kitanda gani.